Moshi wa Udi Katika Karavani ya Bi Rahma

Vijana wangu, wengi wenu mliopitia gereji yangu pale Wadi Kabir, hapa Maskati, mnanijua kwa magari yaliyogongwa. Mlango uliopinda, boneti iliyokutana na ngamia, gari zima lililokunjika kama karatasi. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yangu mpaka mgongo ulipokataa kuinama, nikawaachia wenye mgongo. Lakini mkiniuliza ni kazi gani iliyonifanya niweke nyundo chini nikatazama tu, nitawaambia haikuwa gari. Ilikuwa nyumba ya kukokotwa, karavani ya zamani, na nilikutana nayo nikiwa nimekwisha staafu, wakati nilipodhani nimeona kila kitu kinachoweza kutengenezwa kwa bati.

Kwa asiyewahi kuingia ndani ya karavani: ni chumba kimoja juu ya magurudumu, kinavutwa nyuma ya gari. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, makabati, na meza ambayo ukiishusha inakuwa kitanda cha watoto. Siku hizi mnaziona mpya, nyeupe, zimejaa njiani kila likizo ya majira ya baridi. Nyingi zimebandikwa kwa gundi. Ukifunga mlango, ukuta mzima unatetemeka. Hii ninayoisema mimi ilikuwa ya alumini tupu, ya kung'aa, mgongo wake umeviringika kama mkate wa boflo, na kila kipande kimeshikwa kwa ribiti, misumari isiyo na ncha inayobonyezwa pande zote mbili. Marehemu Bwana Said, rafiki yangu, aliinunua zamani kwa mhandisi mgeni aliyemaliza mkataba na kurudi kwao. Aliipeleka familia yake kila mahali panapofikiwa na tairi katika nchi hii. Kisha yeye akaugua, karavani ikasimama uani kwake Mabela, na jua la Maskati likaanza kazi yake.

Hilali, mtoto wa marehemu, alinipigia simu asubuhi moja. Ni mtu mzima sasa, ana kazi nzuri serikalini na watoto wa shule, lakini kwangu ni yule yule aliyekuwa akiniomba peremende.

"Ami Seif," akasema, "njoo utuamue mimi na mama. Mimi nimeshindwa."

Nikamkuta uani, na chini pameshachorwa mstari wa chokaa. Alitaka kujenga majlisi, ukumbi wa kupokelea wageni. Baba yake alipofariki, wageni waliokuja kuhani walikaa chini ya hema la kukodi, jua linawachoma, na jambo lile lilimkaa moyoni. Mstari wa chokaa ulipita katikati kabisa ya karavani.

"Jumamosi linakuja gari la vyuma chakavu," akaniambia, akishusha sauti. "Mama hataki. Anataka tuikokote mpaka ufukweni Fins, alale humo na wajukuu kama zamani. Ami, mimi niliingia ndani juzi, mguu ukatumbukia sakafuni mpaka hapa." Akaonyesha nusu ya muundi. "Kitu kama hicho kikifunguka kwenye mteremko wa Quriyat, na nyuma yangu kuna magari ya watu, nitamjibu nini Mungu?"

Bi Rahma, mama yake, alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba muda wote huo.

"Mguu wake umetumbukia kwa unene," akasema. "Karavani imesingiziwa."

"Mama."

"Nimesema uongo, Seif? Si huyo hapo, mtazame."

Kisha akaacha mzaha. Akateremka ngazi, akaja akasimama karibu na mimi. "Mie sikuombi maneno ya kunifurahisha," akasema. "Kama imekufa, niambie imekufa, nitaizika. Lakini usiipime kama Hilali, kwa mguu mmoja."

Wakakubaliana mbele yangu. Nikisema ni salama, Hilali ataikokota mwenyewe mpaka Fins. Nikisema si salama, Jumamosi inaondoka na hakuna kununiana. Nikaona nimebebeshwa mzigo. Ukimpa mama furaha ya uongo, unaweza kuua watu barabarani. Ukimpa mtoto utulivu wa uongo, unachinja kitu kizima kwa sababu ya kidonda kimoja. Kumbukeni hilo, nyinyi mnaopenda kutoa jawabu la haraka mteja akiwa amesimama mbele yenu.

Sasa niwaambie nilijifunza wapi kusikiliza bati. Mwalimu wangu aliitwa Fundi Mubaraka, Muomani mwenzetu mzaliwa wa Tabora, na Kiswahili chake cha bara kilitufanya sisi wa Unguja tumcheke kwa siri. Kabla ya gereji alikuwa akitengeneza ngozi za ndege, yaani mabati ya nje ya eropleni. Yeye hakugusa kifaa chochote kabla hajaizunguka kazi yote akiigonga kwa kifundo cha kidole, polepole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni Mawaleh. Bati lililoshikwa vizuri linajibu kwa sauti fupi. Bati lililolegea linajibu mara mbili: sauti yake, halafu mtetemo nyuma yake. Siku ya kwanza alinitaka nitafute ribiti moja iliyolegea kwenye paneli pana. Niligonga mpaka kidole kikavimba, nikamwonyesha tatu. Akaniambia, "Hizo ni nzima zote. Iliyolegea ni ile uliyoiegemea kwa kiwiko." Nikaondoa kiwiko, nikaisikia.

Basi pale Mabela nikaizunguka karavani nikiigonga. Hilali alinifuata, mikono nyuma, kama anayemsindikiza daktari. Ubavu wa kulia, sauti fupi. Nyuma, sauti fupi. Paa, nikapanda ngazi, sauti fupi. Nilikuwa nikingojea ile sauti ya pili, na haikuja. Bati lile limepigwa na jua la kiangazi chetu miaka na miaka, limetanuka kila adhuhuri na kujikunja kila alfajiri, na ribiti zake zilikuwa bado zimelishika kama zilivyoagizwa.

Ndani nikaona jambo jingine. Vichwa vya skrubu za makabati, kila kimoja, mfuo wake wa kuingizia bisibisi umesimama wima. Mwanzo nilidhani ni pambo. Kisha nikaona kwenye bawaba ya kabati la juu skrubu moja ambayo mfuo wake umelala kidogo, nikaigusa kwa bisibisi, ikazunguka. Ililegea. Nyingine zote zilizosimama wima zilikuwa ngumu. Aliyezifunga alimwachia mwenye karavani njia ya kujua, kwa kutupa jicho tu akiwa anakunywa chai, ni ipi inayohitaji kukazwa. Tangu siku ile, vijana, mimi hufunga hivyo hata bawaba za mlango wangu wa choo.

Lakini sakafu ilikuwa mbovu kweli. Pembe ya nyuma, chini ya kitanda, plaiwudi ilikuwa laini kama mkate uliolowa. Swali lilikuwa moja: ubovu ule umeishia kwenye ubao, au umeteremka mpaka chasisi, yaani ule uti wa chuma unaobeba kila kitu? Na kabla ya hapo, maji yalitoka wapi? Usitengeneze kilichooza kabla hujajua maji yalipita mlango gani. Utakuwa unambadilishia mgonjwa shuka.

Nikamwomba Hilali mpira wa maji. Nilitaka kulimwagia paa maji, niingie ndani, nione yanapochungulia. Bi Rahma akanizuia.

"Ngoja kwanza," akasema. "Humo mna harufu ya miaka. Siwezi kukuingiza tena nyumba haijafukizwa."

"Bi Rahma, mimi ni fundi, si bibi harusi."

"Fundi ndiyo hana pua?"

Akaleta chetezo, makaa yamekolea, akatia udi wa kutosha kuzifukiza nguo za ukoo mzima. Akakiweka katikati, mahali ambapo sakafu haijaoza, akafunga madirisha na kifuniko cha paa, akatoka na kufunga mlango. Ndivyo wanavyofanya kwao, nyumba ifungwe ili harufu ishike kwenye mapazia. Mimi nikasimama nje na mpira wangu wa maji mkononi, nikingoja heshima ya nyumba iishe nianze kazi.

Ndipo nilipouona. Kwenye pembe ya dirisha la mbele, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unatoka, umenyooka kabisa. Uzi mwingine ukatoka nyuma, pembeni mwa kiyoyozi ambacho marehemu alikitobolea ukuta. Nikauweka mpira chini. Nikazunguka karavani nzima, uso wangu karibu na bati, nikitafuta mwingine. Hakuna. Ribiti zote zile, viungo vyote vile vya paa, na moshi haukupata pa kupenya. Palikuwa na sehemu mbili tu: moja ni mpira wa dirisha uliokauka, na ya pili ni tundu lililotobolewa baadaye na mtu mwingine. Kazi ya wale waliojenga ilikuwa haivuji hata moshi.

"Bi Rahma," nikasema, "umenifanyia kazi ya siku nzima."

"Na bado unanuka grisi," akanijibu.

Nikamwambia Hilali afungue kifuniko cha paa, moshi utoke tuingie. Akafungua. Na hapo likatokea la ajabu la pili. Moshi haukutoka. Ulichungulia juu kwa uvivu, ukarudi, ukabaki ukining'inia ndani. Nikafikiri: moshi haupandi kama hakuna hewa inayoingia chini. Na watu waliopanga mifuo ya skrubu hawawezi kusahau hewa. Nikatandika mkeka, nikalala chali, nikajisogeza chini ya karavani.

Ukingoni mwa tumbo lake, pande zote mbili, palikuwa na mstari wa mashimo madogo, yamepishana kwa nafasi sawa kabisa. Kila moja limeshindiliwa silikoni.

"Hayo ni ya sisimizi," Bi Rahma akaniambia kutoka juu, nilipomuuliza. "Marehemu aliyaziba mwenyewe siku alipotia kiyoyozi. Alisema baridi inatorokea hapo, na wadudu wanaingilia hapo."

Msimcheke marehemu. Hapa Maskati sote tungefanya vile vile. Kwetu, shimo ni adui: linaingiza vumbi, sisimizi, nge, na linatoa ubaridi tulioulipia. Jambo la kwanza tunalofanya tukihamia nyumba ni kutafuta nyufa na kuziziba. Lakini wale waliojenga karavani walikuwa wamewaza mbali kuliko hivyo. Walijua maji yataingia tu, ufanye ufanyavyo. Yataingia kwa mvuke wa chai, kwa pumzi za watu sita waliolala, kwa mpira wa dirisha utakaokauka siku moja. Kwa hiyo hawakutegemea kuyazuia peke yake. Waliyapa njia ya kutoka, na njia hiyo hiyo wakaifanya mlango wa hewa. Shimo lililopangwa si kosa, wanangu. Mkiona tundu lisiloeleweka kwenye kazi ya mtu hodari, jiulizeni kwanza linamtoa nani nje.

Nikachukua kijiti nikaanza kuyazibua, moja baada ya jingine. Yale ya pembe ya nyuma yalitoa uji mweusi wa ubao uliooza na maji ya kiyoyozi yaliyofungiwa humo miaka. Nilipozibua la mwisho, Hilali, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi akichungulia paani, akasema kwa sauti ndogo, "Ami, toka uone."

Nikatoka. Moshi ulikuwa umesimama. Ulipanda kutoka kwenye kifuniko cha paa, mnyoofu, mwembamba, bila kuyumba, kama unavyotoka kwenye dohani la nyumba panapopikwa. Karavani ilikuwa inapumua. Nilifanya kazi ya mabati umri wangu wote, na sijawahi kuona bati likinionyesha mawazo ya aliyelikata, mtu nisiyemjua jina wala nchi, aliyekaa siku moja akawaza kuhusu pumzi ya watu watakaolala humo baada yake. Bi Rahma naye alikuwa akiutazama ule moshi. Tulisimama watatu pale uani mpaka udi ukaisha.

Kesho yake tukafungua sakafu. Nikakata plaiwudi mbovu, nikaingiza mkono na tochi. Chasisi ilikuwa na kutu ya juu juu, ya kuondoka kwa brashi ya waya. Chini yake chuma kizima. Na nikaona sababu. Alumini na chuma vikigusana mahali penye hewa ya chumvi kama hapa kwetu, vinalana. Kati ya bati na chuma, mahali ambapo jicho lisingefika bila kubomoa, walikuwa wamepitisha ukanda wa mpira, mwembamba, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Nikamwita mama na mtoto, nikawapa neno langu. Uti ni mzima, mwili ni mzima, pembe moja ya sakafu imeoza na inatibika. Ni salama kwa masharti: matairi mapya, maana tairi linazeeka hata likisimama na linaweza kuwa na meno mazuri huku ndani limekauka, beringi za magurudumu zioshwe na kutiwa grisi, breki zake zifunguliwe zote, na kiyoyozi kipewe bomba la kutolea maji yake nje.

Bi Rahma akafuta macho kwa upembe wa mtandio. Hilali hakufurahi wala hakukasirika.

"Umeipa neno ikiwa uani, Ami," akasema. "Uani hata mimi nasimama vizuri. Mstari wangu wa chokaa nauacha pale pale. Ikirudi kutoka Fins ikiwa nzima, tutazungumza."

Alikuwa na haki. Jumamosi gari la vyuma chakavu likaja, likaondoka na tangi bovu la maji la pale uani tu.

Katika kutengeneza nikamtia Hilali kazini, kwa sababu ribiti za zamani haziwezi kufungwa na mtu mmoja. Zile mnazotumia nyinyi, za kufyatuliwa kwa bastola ya ribiti, mtu anafunga peke yake huku anazungumza kwa simu, nami sizilaumu. Zimeokoa migongo mingi. Lakini zina tundu katikati, na kwa kazi hii nilitaka ribiti ngumu kama zilizotolewa. Basi mmoja anakaa nje na nyundo, mwingine ndani ameshika kipande kizito cha chuma dhidi ya mkia wa ribiti. Nyundo ikipiga nje, mkia unabonyea kwenye chuma ndani. Hamuonani. Kelele ni nyingi, hamsikiani. Kwa hiyo mnazungumza kwa kugonga, kama alivyonifundisha Fundi Mubaraka: wa ndani akigonga mara moja, maana yake ongeza, akigonga mara mbili, imekaa, hamia nyingine.

Hilali mwanzo aligonga ovyo. Mara moja, mara tatu, mara nne.

"Hilali, tatu ni nini?"

"Ni kidole changu, Ami."

Bi Rahma akapita na sinia la maandazi. "Mnabisha hodi hapo tangu asubuhi," akasema. "Mwenye nyumba hayupo?"

Polepole tukaelewana. Nyundo, kimya, gonga mbili. Nyundo, kimya, gonga moja, nyundo tena, gonga mbili. Baadaye pakawa kimya kirefu. Nikangoja. Nikagonga mimi, hakujibu. Nikaenda mlangoni nikamkuta amepiga magoti, ameingiza kichwa nyuma ya bati la ndani nililolifungua, anaangaza kwa simu.

"Ami, njoo uone hii." Kila ubavu wa alumini unaoshikilia ukuta kwa ndani ulikuwa na tundu la kupitishia waya, na kila tundu limevishwa pete ya mpira, na kingo za kila ubavu zimepigwa tupa mpaka zikawa laini kama ukingo wa kikombe. "Humu ndani ya ukuta, nani alitarajiwa kupaona?"

"Waya," nikamjibu.

Alifikiri kidogo. Waya ukipita kwenye tundu lenye makali, na karavani ikitikisika njiani, utakatika au utawaka moto. Alizipitishia kidole pete zile, moja moja, kuanzia ya kwanza mpaka ile asiyoweza kuifikia. Kisha akarudi kwenye chuma chake, na tangu hapo hakukosea kugonga.

Palikuwa na bonde ubavuni, kubwa kama sahani, la tangu enzi za marehemu. Hilali akataka tulijaze maajuni, ule uji mzito wa kuziba mabonde, tupake rangi, iwe kama mpya. Nikakataa. Maajuni ni kwa gari la chuma, na hata huko ni kwa kiasi. Alumini nyembamba inacheza njiani, na inatakiwa icheze. Ukiibandikia kitu kigumu, barabara ya kwanza ya changarawe itakirudisha mkononi mwako vipande vipande. Jirani yangu mmoja Wadi Kabir aliwahi kumkabidhi mteja karavani laini kama yai. Mteja alirudi baada ya Idi, amebeba upande mmoja wa rangi kwenye mfuko wa duka. Bonde lisilovuja liacheni.

Siku ya safari ikafika, na tukagombana kwa mara ya mwisho, mimi na Bi Rahma. Alikuwa amepanga gunia la mchele, mtungi wa gesi wa akiba na masufuria yote nyuma kabisa.

"Bi Rahma, vitu vizito vikae chini, mbele kidogo ya magurudumu. Ukivilundika nyuma, karavani itatikisa mkia njiani, na ikianza kutikisa haisikii breki."

"Nimepika humo kabla mjukuu wako hajazaliwa. Leo unanifundisha kupanga jiko?"

"Nakufundisha kupanga njia."

Akanitazama, akawaita wajukuu, gunia likahama.

Hilali akakokota kwa gari lake la kuvuta kwa magurudumu yote manne, mama yake pembeni, watoto nyuma. Mimi nikawafuata kwa pikapu yangu, kwa sababu nilikuwa nimetoa neno, na mtu akitoa neno hukaa nyuma yake aone linavyokwenda. Tukapita Amerat, tukaanza milima. Macho yangu hayakutoka kwenye mgongo ule wa boflo. Kwenye mteremko mrefu wa kuelekea Quriyat nikahesabu taa zao za breki kila zilipowaka. Lori likawapita kwa kasi, na upepo wa lori ndio unaozitikisa karavani. Ile ikainama kidogo, kama mtu anayepisha njia, ikarudi mahali pake. Haikutikisa mkia hata mara moja.

Tukasimama chini ya mlima. Hilali akashuka amekunja uso, akaja nyuma. Nikamfundisha kuweka kiganja katikati ya gurudumu. Ukishindwa kuacha mkono hapo, beringi inaungua. Akaweka. Akauacha. Akahamia la upande wa pili, akauacha muda mrefu zaidi.

"Vuguvugu tu," akasema.

"Ndivyo inavyotakiwa."

Kilichobaki kilikuwa kipande kibaya kuliko vyote: njia ya mawe ya kuteremkia ufukweni. Vumbi likanificha kila kitu mbele yangu. Nilisikia karavani ikigonga na kudunda. Tulipofika kwenye kokoto nyeupe, watoto wakatawanyika majini. Hilali akazima gari, akabaki amekaa. Ndipo mama yake akamwambia, "Nifungulie kabati la juu, nitoe finjani nipike kahawa."

"Finjani zipi?"

"Za kauri. Za arusi yangu."

Hilali akageuka kunitazama, kisha akamtazama mama yake. "Mama, umetia vikombe vya kauri kabatini, kwa njia ile?"

"Ndimo vinamokaa," akasema Bi Rahma. "Toka zamani."

Hilali akaingia ndani, mimi nyuma yake. Alilifungua lile kabati kwa mkono mmoja, na mwingine ameutandaza chini ya mlango wake kudaka vipande. Hakikuanguka kitu. Finjani zilikuwa zimekaa kila moja kwenye tundu lake, tundu limekatwa kwa kipimo cha mikono ya watu wanaojua barabara, limetandikwa kitambaa kizito. Hata moja haikuwa imeegemea nyingine. Hilali alichukua moja akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta ufa, akairudisha, akachukua ya pili. Alizitazama zote. Mimi nilikaa kitandani, nikaisikiliza karavani ikipoa kutoka kwenye safari, bati likirudi mahali pake kwa milio midogo, na upepo wa bahari ukiingia kupitia yale mashimo ya chini na kutokea paani. Kila kitu kilikuwa kikifanya kazi yake, na walioziagiza kazi hizo wako mbali, labda hawapo tena.

Bi Rahma akamimina kahawa. Hilali akakaa kwenye ngazi ya mlango, finjani mkononi, ametupa sisi mgongo.

"Mama," akasema, "ule mstari wa chokaa."

"Una nini?"

"Nikiusogeza upande wa mndimu ulio uani, majlisi itapungua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akageuka, akaipima karavani kwa macho, kutoka mkono wa mbele wa kukokotea mpaka taa za nyuma. "Kiasi cha hii."

"Na wageni wakizidi?"

"Wakizidi, Mama, watalala humu ndani."